Refa ni Mama

(Jumamosi iliyopita niliitwa kuzungumza ukumbini parokiani kwetu Mbagala, mbele ya familia zinazouguza wagonjwa wa saratani. Wengi hamkufika kwa sababu mlikuwa zamu hospitalini. Haya ndiyo niliyoyasema, nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam aleikum! Na nyie wa kule nyuma mliokaa karibu na masufuria ya pilau, hamjambo?

Baba Paroko, wazee wangu, kinamama, ndugu zangu mnaouguza. Mimi si daktari, ni kinyozi. Nimepewa dakika ishirini, na kumpa kinyozi dakika ishirini za kuongea ni kumpa adhabu. Mama yangu yuko hapa, mstari wa kwanza, yule mwenye kitenge cha kijani na njano. Mnaiona ile saa mkononi mwake? Hakuja nayo kwa urembo. Ameniambia nikizidisha atanitoa uwanjani.

Nimeombwa niseme jinsi tulivyomuuguza mama kwa utani. Nikataka kukataa. Kwa nini? Kwa sababu ukisema "tulicheka", mtu anadhani hatukulia. Tulilia. Mimi nimelia ndani ya daladala ya Rangi Tatu, nimesimama, nimeshika bomba, konda ananidai nauli. Basi anayenisikiliza leo asije akaenda nyumbani akamwambia mama yake, "Yule kinyozi amesema ucheke." Sijasema hivyo.

Sasa sikilizeni.

Mwaka 2023, mwezi wa saba, mama aliondolewa titi la kushoto. Mwezi wa nane akaanza kemo, zile dawa za saratani za mshipani, pale hospitali ya Ocean Road, kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Daktari alitukalisha akatueleza: mizunguko minane, kila baada ya siku 21. Minne ya kwanza ina dawa nyekundu. Minne ya mwisho dawa yake haina rangi, ukiiona utadhani maji, sisi tukaiita nyeupe.

Dawa nyekundu, rangi ya Simba. Na mama yangu ni Yanga.

Ngoja niwaeleze Yanga ya mama ikoje. Si ya kuuliza matokeo kesho yake. Ni Yanga ya kufunga genge mchana kweupe, nyanya zikabaki na paka. Marehemu baba alikuwa Simba, na mimi nikarithi redio yake na timu yake. Jumapili ya tarehe 13 Agosti, kule Mkwakwani Tanga, Simba tukawafunga kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii. Jumatatu yote mama hakunisemesha. Jumanne akanisemesha kidogo, kuhusu chumvi. Jumatano, tarehe 16, tukawa hospitali.

Nesi akaja na bomba la sindano, lile kubwa. Ndani mna kitu chekundu kama juisi ya rozela. Nikamwona mama amekodoa macho. Moyoni nasema, sasa hivi atalia, na akilia yeye mimi nazimia, watatulaza wawili. Mama akamtazama nesi, akanitazama mimi, akasema:

"Jumapili mmenifunga, hamkutosheka. Leo mnaniingilia mpaka mshipani?"

Nesi alicheka ikabidi asimamishe mkono, atulie kwanza. Ile dawa inasukumwa taratibu, maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Akatulia, akaendelea, na mama akawa anamhesabia: "La kwanza hilo. La pili. Refa yuko wapi?"

Jioni tuko nyumbani, ananiita kutoka uani: "Njoo uone timu yako inavyotoka." Mkojo mwekundu. Daktari alikuwa ametuonya, siku ya kwanza na ya pili mkojo utabadilika rangi, ni dawa ile, si damu. Ambaye hakuonywa achukue hilo leo, asije akapiga kelele usiku akaamsha mtaa.

Sasa nawauliza. Nani alianza utani? Mimi? Nesi? Nauliza tena, nani alianza?

Mama. Mimi nilikuwa nimebeba uso wa msiba tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshika mfuko wa maji na machungwa kama mtu anayekwenda kuona maiti. Yeye ndiye aliyepuliza kipyenga, na kipyenga chenyewe kikabaki kwake miezi yote ile. Na siku niliyompokonya, nilikiona.

Nilimpokonya hivi. Wiki ile ile, banda langu limejaa, vijana wanabishana, Simba na Yanga, nami kwa mdomo huu huu nikasimulia habari ya mkojo wa mama. Watu wakacheka mpaka mmoja akashuka kwenye kiti na shuka shingoni. Nikajiona mchekeshaji. Jioni nafika nyumbani, mama kakaa mlangoni, kimya. "Mkojo wangu umeupeleka kijiweni?" Basi. Hakusema lingine siku mbili. Ndugu zangu, stori ile ile, maneno yale yale, hakuna nilichoongeza. Akiisema yeye uani, ni yake. Nikiisema mimi kijiweni, ni matusi. Mnaonitazama mnajiuliza, mbona leo anaisema ukumbini? Nimeomba ruhusa. Ruhusa imenigharimu jezi ya Yanga, ya kununua kwa hela yangu mwenyewe, mimi mtoto wa Simba, na kuibeba mkononi Kariakoo nzima.

Tuje kwenye nywele.

Siku ya kumi na saba baada ya ile sindano, nywele zilibaki kwenye mto. Mama alikuwa na nywele! Kila Jumapili alikuwa anasukwa mtindo wa twende kilioni na mdogo wangu, barazani. Asubuhi ile akaja chumbani kwangu na mto mikononi, ameushika kama sinia, nywele ziko juu yake. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Mimi kinyozi wa miaka kumi na moja, sikujua la kusema kuhusu nywele.

Akasema, "Fungua ofisi."

Jumamosi asubuhi, bado giza, tukaenda bandani, wawili tu. Nikamkalisha, nikamfunga shuka, nikasafisha mashine mara tatu. Mashine, jamani, si wembe. Mgonjwa wa kemo kikwaruzo kidogo tu ni mlango wa vijidudu, na kinga yake iko chini. Nikawasha. Mkono unatetemeka. Mimi nikinyoa mtoto mchanga mkono hautetemeki.

"Bei gani?" akauliza.

"Elfu mbili, mama."

"Kichwa chenyewe nusu zimeshatoka zenyewe, unanitoza elfu mbili nzima? Elfu."

"Elfu na mia tano."

"Na uanze na kiduku. Nataka nijione kiduku kabla hazijaisha."

Nikampiga kiduku. Mama yangu, miaka 61, mama wa Wanawake Katoliki, amekaa mbele ya kioo na kiduku cha nywele za mvi. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. Akatoa ulimi. Tulicheka mpaka taa ya jirani ikawaka. Halafu akasema, "Haya, malizia," na sauti ilikuwa nyingine. Nikamalizia. Nilipompaka poda shingoni nikaona mabega yanatikisika, na safari hii haikuwa kicheko. Nikazima mashine. Nikakaa chini, miguuni pake, kwenye nywele. Tukakaa hivyo mpaka adhana.

Alinilipa elfu moja na mia tano. Ninayo mpaka leo, kwenye kopo la viwembe.

Nyumbani mjukuu wake wa miaka sita akamkuta mlangoni. Mnajua bibi na mjukuu ni watani, mtoto anamwita "mke wangu". Akaishika ile para kwa mikono miwili, akaipapasa kama tikiti maji, akasema, "Mke wangu, umenyoa bila kuniuliza?" Watu wazima tulikuwa tumekaa kikao juzi yake, saa nzima, namna ya kumwandaa mtoto.

Sasa nataka kuzungumza na wageni. Wageni wa mgonjwa. Mko humu, nawajua, na mimi pia nimewahi kuwa.

Mgeni wa mgonjwa anaingia na "pole". Anakaa na "pole". Anainama, anapunguza sauti kama yuko kanisani, anamuuliza mtoto wa mgonjwa, "Anakula?" Mgonjwa yuko pale pale! Masikio hayakunyolewa! Wengine wanaleta habari ya shangazi yao aliyekuwa na kansa hiyo hiyo. Aliishia wapi shangazi? Alikufa. Sasa umekuja kumfariji nani?

Mwezi wa tisa, baada ya mzunguko wa pili, mama aligoma. Hataki kuamka, hataki kula. Kila chakula kilikuwa kinaonja chuma. Tulimpa kijiko cha mti badala ya cha bati, kikasaidia kidogo. Barafu za ukwaju zikasaidia kidogo. Harufu ya kitunguu kwenye mafuta ilikuwa inamtapisha, basi mke wangu akawa anapika kwa jirani. Tukambembeleza sote. Kadiri tulivyombembeleza ndivyo alivyozidi kuugeukia ukuta.

Sisi ni Wangoni wa Songea. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama wa Kihehe. Mngoni na Mhehe, wazee humu mnajua. Babu zetu walipigana vibaya sana kabla Mjerumani hajaja, na mpaka leo kila mmoja anasema alimpiga mwenzake. Ni watani wa kuzikana.

Asubuhi moja mtani akaingia. Hodi hakupiga. Akachukua sufuria letu la uji, akaonja kwa mwiko, akatema. Akaenda moja kwa moja kitandani, akavuta shuka.

"Mngoni! Nyie mlimkimbia Shaka kutoka kule Natal, mkavuka Zambezi, mkafika Songea hamjapumzika. Miguu ipo! Leo chooni hapo pamekushinda?"

Sisi tumeganda. Mke wangu kafunika mdomo.

Mama, bila kugeuka: "Hatukukimbia. Tulikuwa tunawatafuta nyie."

"Na hiki kichwa sasa! Hiki tukipeleke makumbusho ya Kalenga, tukiweke pembeni ya kichwa cha Mkwawa, chifu wetu, watalii waone viwili kwa tiketi moja."

Mama akageuka. Akakaa kitako! "Chenu kilipelekwa Ulaya mkakaa kukisubiri mpaka 1954. Mimi changu hakijasafiri. Na kama ni Kalenga, kiingilio nakusanya mwenyewe."

Wakaendelea hivyo karibu nusu saa, na katikati ya matusi yale mtani ameshika bakuli, anampa kijiko kimoja, wanatukanana, kijiko kingine. Uji wa ulezi ukaisha. Nami niko mlangoni naangalia, naona kitu ambacho sisi watoto wake tulishindwa kumpa siku zote zile. Sisi tulikuwa tunamhurumia. Mtani alikuja kupigana naye. Na huwezi kupigana na mtu uliyekwisha kumzika, si ndiyo? Lazima awe yupo. Lazima awe na mkono wa kurudisha.

Naona wazee mnatikisa kichwa. Mnaujua utani kuliko mimi. Nyie ndio mliotuonyesha, msibani mtani anakuja kulala kaburini mpaka alipwe. Vijana wanadhani ni vichekesho tu.

Lakini nisiwadanganye. Hapa sasa naomba hata wa pilau mnyamaze.

Tarehe 16 Septemba, Jumamosi usiku, siku ya kumi baada ya dripu ya pili. Nimerudi kazini, nikamkuta mama amejifunika blanketi, na Dar hii mnaijua. Nikamuuliza, "Mama, baridi?" Akasema, "Nimehamia Makete." Watoto wakacheka. Nami nikacheka. Nikaenda kuoga. Niko bafuni, maji yananimwagikia, nikasikia meno yake. Yalikuwa yanagongana, na bado anaendelea kuchekesha watoto, anawaambia Makete kuna barafu, mtakwenda na masweta.

Nikatoka na taulo. Kipimajoto: 38.6.

Daktari alikuwa ametuambia siku ya kwanza kabisa, akarudia, akatuandikia kwenye karatasi: kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe za damu zinashuka sana, homa ikifika 38 msisubiri asubuhi, na msimpe Panadol ya kuishusha halafu mkalala. Mnakuja. Usiku huo huo. Nikamwambia mama tunaondoka. Akasema, "Unaniharibia usingizi kwa sababu ya kibaridi? Au Simba mna mechi ya usiku?"

Nikamwambia, "Mama, hapana. Sasa hivi hapana."

Alinitazama kwa muda. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Tangu saa nane mchana." Tangu saa nane mchana ana homa, na anatuchekesha!

Alilazwa siku tano, dripu za antibayotiki asubuhi na usiku. Mzunguko wa tatu ukasogezwa wiki moja. Daktari wa zamu aliniambia tungengoja kukuche huenda tungekuwa tunaongea mengine.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mnaomwona mzee anachekesha, mzee anaimba, mnasema "mzee wetu jasiri", mmempima? Mmempima leo? Mzazi wa Kiswahili anaweza kukuficha ugonjwa kwa hadithi kama anavyokuficha njaa. Mlipokuwa wadogo alikuwa anawaambia ameshiba. Mlimwamini! Kicheko hakiui kansa, tusidanganyane. Iliyofanya kazi ni ile nyekundu, na ile nyeupe, na mionzi baadaye. Tangu usiku ule tuliweka sheria nyumbani: kipimajoto kwanza, utani baadaye. Kila saa kumi na mbili jioni. Mama akakiita kipimajoto VAR, kama ile video ya marefa.

(Mama anasema nimebakiza dakika saba. Asante, mama.)

Mzunguko wa nne, wa mwisho wa nyekundu, ulikuwa tarehe 25 Oktoba. Na tarehe 5 Novemba, Jumapili, pale Uwanja wa Mkapa... Mnanionaje? Lazima niseme? Haya. Simba moja, Yanga tano. Tano! Mama alikuwa hana nguvu hata ya kunyanyua kikombe, lakini bao la tano lilipoingia alinyanyuka kitandani mwenyewe, akatembea mpaka sebuleni akiwa ameshika ukuta, akanisimamia mbele ya televisheni, akanyoosha mkono, vidole vitano. Hakusema neno. Alisimama pale mpaka nilipozima.

Tarehe 15 akaanza ile dawa nyeupe. Akafika amevaa kilemba cha njano, akamwambia nesi, yule yule, "Nyekundu zimekwisha nchi hii." Nesi akasema, "Mama, leo nichome wapi, nina hasira." Wodi ilikuwa kama soko.

Dawa nyeupe haikumtapisha sana. Ilikuja na lake: maumivu ya mifupa siku ya tatu, na ganzi. Vidole vya miguu kwanza, halafu vya mikono. Kufikia Januari 2024, mzunguko wa nane, hawezi kufunga kifungo. Hawezi kuokota sarafu. Mtu wa genge, asiyeweza kuokota sarafu. Hilo lilimuuma kuliko nywele, na halikuwa na mzaha ndani yake. Wateja walikuwa wanamwekea chenji kwenye kisahani, anaiburuta kwa kiganja. Sikuwahi kulitania na sitalitania. Kuna vitu utavijua tu kwa kumtazama usoni, na ukikosea utaambiwa kwa kimya, kama mimi nilivyoambiwa.

Siku ya mwisho, tarehe 17 Januari, tumetoka nje, upepo wa bahari, ameshika mkono wangu kwa sababu hahisi ardhi vizuri. Nikamuuliza, "Vidole vipi?" Akaviinua mbele ya uso wake, akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Sivisikii," akasema. "Lakini nikivihesabu bado ni vitano."

Ganzi imepungua, viwili vya mkono wa kulia bado havijarudi sawasawa. Chenji anaokota. Anakwenda kliniki kwa tarehe zake, na kila tarehe ikikaribia nyumba nzima hatulali, mimi hata nywele za wateja nakata vibaya, mnisamehe mliopita bandani wiki ile.

Nilikuwa na jambo moja la mwisho kuhusu kaka na dada walio mbali, wanaotuma hela na ushauri kwenye simu... Naona mama amenyanyua mkono kule mbele. Vidole vitano. Sijui anamaanisha zimebaki dakika tano, au anamaanisha zile.

Anacheka. Ni zile.

Pilau iko tayari, karibuni.